Kibali cha kujenga nyumba ya kuishi Tanga: anzia kiwanjani, malizia ofisini

Ndugu wanachama,

Katika kikao chetu kilichopita nilitakiwa niandike, hatua kwa hatua, namna mkazi wa Tanga anavyoomba kibali cha kujenga nyumba ya kuishi, kwa kuwa wengi wetu tumeshanunua viwanja Mwang'ombe, Kange na Pongwe, na baadhi wameshafyatua matofali kabla hata ya kumwona mchora ramani. Nimechora nyumba mjini hapa kwa miaka mingi, na katika maombi niliyoyaona yakirudishwa, machache mno yalirudishwa kwa ubaya wa nyumba yenyewe. Mengi yalirudi kwa sababu jina lililo kwenye hati, kiwanja kilicho ardhini na mchoro ulio mezani havikukubaliana. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye hatua za mwanzo, na zile za ofisini nitazipitia upesi.

Kwanza tujue tunaomba kwa nani. Jamaa zetu wa Mombasa na Kwale huomba ruhusa ya kujenga kwenye serikali ya kaunti. Upande wetu wa mpaka wa Horohoro hakuna kaunti. Mwenye mamlaka ni halmashauri, na kwa walio ndani ya mipaka ya mji huu ni Halmashauri ya Jiji la Tanga. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji wanaweza kukutambulisha, lakini barua yao si kibali, hata ikigongwa mihuri mitatu.

Hatua ya kwanza: hati na jina

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inamtaka anayeendeleza ardhi katika eneo la mipango apate kwanza ridhaa ya mamlaka ya upangaji. Ridhaa hiyo huombwa na mwenye ardhi anayetambulika kwa maandishi. Soma hati yako neno kwa neno: namba ya kiwanja, kitalu, ukubwa, na hasa matumizi yaliyoandikwa, kwamba ni makazi peke yake au ni makazi na biashara. Ikiwa ulinunua na hati ingali ina jina la muuzaji, maliza uhamisho wa miliki kabla ya kumlipa mchoraji. Ikiwa ni kiwanja cha urithi, anayesaini maombi ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kuwa mtoto mkubwa wa marehemu hakutoshi. Lipa pia kodi ya pango la ardhi na utunze risiti, maana deni la miaka saba hujitokeza siku ile ile unayoleta michoro.

Hatua ya pili: kukanyaga kiwanja

Hapa ndipo watu wanapopitia mbio. Chukua ramani ya upimaji, futi ya kamba na jembe, nenda na jirani ikiwezekana, mkatafute bikoni zote, yaani zile alama za mpaka zilizowekwa na mpima kwenye kona za kiwanja. Nimewahi kwenda na mteja mmoja tukaziona tatu bila shida; ya nne tuliifukua baada ya saa nzima chini ya kifusi na mizizi ya mwarobaini, na ilipoonekana kile chuma kimesimama ndani ya zege lake, ua la michongoma la jirani lilikuwa limeingia kwetu zaidi ya mita moja. Hakuna aliyeiba, michongoma hupandwa kwa macho, na macho hupotoka. Lakini lau ningechora nyumba kwa kufuata ule ua, ukuta ungekaa pasipo mahali pake. Bikoni ikiwa haipo kabisa, anayeirudisha ni mpima ardhi mwenye leseni. Fundi hana ruhusa ya kukisia, na wewe mwenyewe vilevile.

Ukiwa hapo hapo kiwanjani, pima mambo mawili yasiyosameheka. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Walio kandokando ya barabara ya Segera au ya Horohoro wanaijua bila kuelezwa ile alama ya X nyekundu inayochorwa kwenye jengo la kubomolewa. La pili ni bahari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inalinda mita 60 kutoka ufukweni, na sharti hilo linagusa pia kingo za mito, jambo ambalo wenye viwanja vya Raskazone na Sahare hulikumbuka na wale wa kando ya mto Zigi hulisahau.

Angalia pia kisima cha jirani kiko wapi. Hili nalisema kwa aibu, kwa sababu nilipokuwa ningali mwanafunzi wa kazi nilichora karo la majitaka na shimo la kunyonyea maji yake upande wa mashariki bila kuchungulia ng'ambo ya ukuta. Afisa afya alipofika kiwanjani alikiona kisima hatua chache kutoka mpakani. Michoro ikarudi, mteja akagharimia uchapaji mara ya pili, nami sikuthubutu kumdai ujira.

Hatua ya tatu: michoro

Michoro ionyeshe plani ya kila sakafu, mikato (jengo linavyoonekana likikatwa wima), sura za jengo pande zote, msingi na paa, pamoja na mchoro wa kiwanja kizima unaoonyesha nyumba imekaa wapi, umbali wake kutoka kila mpaka, barabara ya kuingilia, karo, na mahali maji ya mvua yanapoelekea. Juu yake ziandikwe namba ya kiwanja na kitalu, jina la mmiliki kama lilivyo kwenye hati, na jina la mchoraji na ujuzi wake. Nyumba ya ghorofa huhitaji zaidi michoro ya uhandisi inayoonyesha nguzo, mihimili na vyuma, iliyoandaliwa na mhandisi aliyesajiliwa.

Umbali wa kuacha mpakani hutegemea ujazo wa eneo, yaani nyumba zimepangwa kusongamana kiasi gani, kwa hiyo muulize afisa mipango miji kabla ya kuchora. Ukinakili ramani ya shemeji yako aliyejenga Dodoma, huenda umenakili na masharti yasiyo yako. Na sisi watu wa mwambao tuna ugonjwa wetu, nao ni baraza. Tunachora nyumba ikaenea vizuri ndani ya masharti, kisha tunaongeza baraza ya kuzungumzia jioni, tukidhani haihesabiki. Inahesabika. Ichore tangu mwanzo, nyumba irudi nyuma kiasi kinachotosha.

Hatua ya nne: ofisini

Maombi hupokelewa kupitia TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, kwa huduma za halmashauri, ambao unaufungulia akaunti kwa namba yako ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Asiyejiweza na mtandao aende idara husika asaidiwe. Utapewa kumbukumbu namba ya malipo, utalipa benki au kwa simu, kisha faili litapita kwa wataalamu wa ardhi, mipango miji, afya na uhandisi, na tahadhari za moto pia hutazamwa, kabla ya kamati kuliamua. Likirudishwa, omba sababu kwa maandishi, rekebisha kilichotajwa tu, ulirudishe.

Hatua ya tano: baada ya kibali

Kibali kina muda wake na masharti yake, yasome yote. Nakala ya kibali na michoro iliyogongwa mhuri ikae kiwanjani, siyo kabatini, kwa kuwa mkaguzi atakuja kutazama msingi, kisha hatua zinazofuata hadi kupaua. Ukibadili ramani njiani, ukaongeza chumba au kusogeza choo, wasilisha mabadiliko kwanza.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Ngamiani: Shikamoo fundi. Nyumba ya marehemu babu ni ile ya ukumbi katikati na vyumba sita, ya miti na udongo. Nataka kuondoa kuta kidogo kidogo na kuweka tofali, paa likiwa juu vilevile. Je, huo si ukarabati tu?

Marahaba mwanangu. Kupaka chokaa na kubadili kitasa ni ukarabati. Kuondoa kuta zote, hata kama unaziondoa moja moja, ni kujenga nyumba mpya, na kibali kinahitajika. Tarajia mambo mawili: utaulizwa usimamizi wa mirathi, na ile baraza ya zamani iliyokaa ukingoni mwa barabara huenda isiruhusiwe kurudi ilipokuwa.

Mwanachama wa Mwang'ombe: Nimeshafika kwenye linta, ule mkanda wa juu ya milango na madirisha, bila kibali, na fundi ananishauri nipaue haraka wikendi hii.

Usipaue, kaka. Simamisha kazi, chora jengo kama lilivyo, upeleke maombi ukieleza ukweli. Unaweza kutozwa faini, unaweza kutakiwa kuthibitisha uimara wa msingi, na sehemu iliyoingia mahali palipokatazwa inaweza kuamriwa ibomolewe. Kuvunja kozi (safu) kumi za tofali ni hasara ndogo kuliko kuvunja kozi hizo pamoja na kenchi za mbao za paa na mabati.

Mwanachama wa Pongwe: Nilinunua kipande cha shamba kwa hati ya mauziano iliyoshuhudiwa mtaani. Hakijapimwa.

Mchoro hauwezi kutangulia kiwanja, dada yangu. Nenda kaulize kwanza eneo lenu limepangiwa matumizi gani na kama lina mpango wa urasimishaji, yaani wa kupanga na kutambua rasmi makazi yaliyojengwa bila mpango, kisha fuata upimaji na umiliki. Hati ya mauziano inaonyesha ulinunua. Haionyeshi kuwa hapo panaruhusiwa nyumba.

Mwanachama wa Makorora: Naweza kuweka fremu moja ya duka mbele ya nyumba?

Ikiwa hati imesema makazi peke yake, omba kwanza mabadiliko ya matumizi ya ardhi. Ukiichora fremu kwa jina la "stoo", mlango wake unaotazama barabarani utakusaliti.

Mwanachama wa Chumbageni: Mume wangu ni wa Kwale na tuna kiwanja huko. Haya yote yanafaa?

Kukanyaga kiwanja kunafaa kila mahali. Ofisi ndizo zinazobadilika. Kule ruhusa ya uendelezaji hutolewa na serikali ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, na mradi husajiliwa pia na Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi ya Kenya. Mtafute msanifu aliyesajiliwa huko, kwa sababu usajili wa huku hautoshi ng'ambo ya mpaka.

Mwanachama wa Duga: Kuna mtu anasema nimpe fedha taslimu, atanitolea kibali bila kuja kiwanjani.

Mwambie akupe kumbukumbu namba ya malipo yenye jina lako na la halmashauri. Akianza kueleza kwa nini haiwezekani, agana naye kwa adabu.