Maktaba ya .so isipotee ukihamisha programu

Mdogo wangu unayejifunza C hapa Mbeya, shika hili kabla hujampelekea mteja kazi yako.

Tuseme umeandika maktaba ya .so (faili ambalo programu hulipakia inapoendeshwa) ya kukokotoa uzito wa kahawa kwa chama cha msingi kule Mbozi. Kuijenga ni rahisi:

`gcc -fPIC -shared -o libmizani.so mizani.c`
`gcc kuu.c -L. -lmizani -o kuu`

Inapita vizuri. Ukiiendesha, Linux inakataa: `cannot open shared object file`. Na faili lipo hapo hapo!

Sababu ni kwamba `-L` inamhusu linka (anayeunganisha programu na maktaba) tu, wakati wa kujenga. Anayepakia maktaba wakati wa kuendesha ni mwingine, na yeye haangalii folda uliyomo. Wengi hukimbilia `LD_LIBRARY_PATH`, kigeu cha mazingira kinachotaja folda za maktaba. Kwa majaribio sawa, ila kwenye mashine ya mteja siipendi kabisa: karani akifungua terminali nyingine, haipo tena. Andika njia ya kutafutia maktaba (rpath) ndani ya programu yenyewe:

`gcc kuu.c -L. -lmizani -Wl,-rpath,'$ORIGIN' -o kuu`

`$ORIGIN` ni folda ilimo programu, popote utakapoihamishia. Zile nukuu moja usiziache, la sivyo sheli itaimeza `$ORIGIN` kabla haijamfikia linka. Kisha endesha `ldd ./kuu`, inayoonyesha maktaba zinazohitajika na zilikopatikana; ukiona `not found`, usipande basi la Mbozi bado.

Ukitumia `dlopen` (kupakia maktaba programu ikiwa tayari inaendelea), jina lenye mkwaju (/) husomwa kama njia ya faili. Lisilo na mkwaju hutafutwa kwenye folda za mfumo na za rpath. Ikishindwa, chapisha `dlerror()`, itakwambia kosa.