Poka ya karata tatu kasino: jinsi ya kucheza hatua kwa hatua, kutoka kwa dila wa Mwanza

Habari zenu wapenda karata. Mimi nagawa karata mezani hapa Mwanza, meza ninayosimama mara nyingi ni ya poka ya karata tatu, na kinachoniuma ni kuona mtu katoka kuuza dagaa pale Mwaloni, hela yake ya jasho kabisa, anakaa anaanza kuweka dau wakati sheria hazijui, na sheria zenyewe zingemchukua jioni moja tu kuzielewa. Kwaiyo naandika zote hapa kama ninavyomfundisha mdogo wangu nyumbani. Ukizishika sikuahidi kushinda, ila kila hela itakayotoka au kuingia utajua imeenda wapi na kwa nini.

Kwanza ujue ni game ya namna gani. Iliundwa na Mwingereza Derek Webb mwaka 1994, na hapa hauchezi na jirani yako, unacheza na dila, yaani na nyumba (kasino yenyewe). Wale mliozoea poka ya Texas kwenye simu, ile ya kutishana kwa dau kubwa, hapa hakuna wa kumtisha maana dila hana uamuzi wowote, anafunua karata zake na kulipa au kukusanya basi. Mwenye uamuzi ni wewe, na ukishaweka dau la mwanzo unabaki na uamuzi mmoja tu kwa kila mkono (karata tatu ulizogawiwa): nacheza au nafoldi, yaani naziacha karata.

Hatua ya 1: tengeneza meza nyumbani

Nunua karata, pale Makoroboi hukosi, toa jokari zote zibaki 52. Chukua kipande cha boksi uchore duara tatu zikiwa zimepangana juu kwenda chini: ya juu andika pea plasi (dau la pembeni), ya kati anti (dau la mwanzo), ya chini plei (dau la kuendelea). Chipu tumia punje za mahindi, kila punje iwe ni shilingi 5,000. Mtafute mtu mmoja awe dila, shemeji, mdogo wako, yeyote, na mpokezane.

Hatua ya 2: jua mkono upi unaupiga upi

Hapa nitakaa kidogo, maana waliotoka kwenye poka ya karata tano ndo wanapochanganya. Kuanzia juu kabisa kwenda chini:

Streti flashi, karata tatu zinazofuatana za aina moja, mfano 7-8-9 zote kopa.
Tatu za kufanana, mfano 4-4-4.
Streti, zinazofuatana ila aina mchanganyiko.
Flashi, aina moja ila hazifuatani, mfano shupaza tatu 2-8-J.
Pea, karata mbili za kufanana.
Karata kubwa tupu, yaani huna chochote hapo juu.

Umeona streti ipo juu ya flashi? Kwenye karata tano flashi ndo inaipiga streti, hapa imegeuka, na haijageuzwa kwa kupenda tu. Karata tatu zinaweza kutoka kwa njia 22,100 tofauti, na flashi zipo 1,096 wakati streti zipo 720, kwaiyo streti ndo adimu zaidi. Unaweza kuhesabu mwenyewe: mifuatano ipo 12, kuanzia A-2-3 mpaka Q-K-A, kila karata ina aina nne, yaani 4 mara 4 mara 4 unapata 64, mara 12 ni 768, toa 48 ambazo ni streti flashi, zinabaki 720. Tatu za kufanana zipo 52 tu, ndo maana zimekaa juu ya zote mbili.

A inafanya kazi pande mbili, juu ya K au chini ya 2, ila haiwi katikati. K-A-2 sio streti, watu wanabishana sana na hii.

Na jambo moja la kuweka akilini mapema, karibu mikono mitatu kati ya minne utapata karata kubwa tupu. Pea zinakuja asilimia 17 hivi. Kwaiyo ukikaa mikono mitano bila hata pea usiseme karata zimerogwa, ndo kawaida yake.

Hatua ya 3: weka dau

Kabla karata hazijagawiwa unaweka chipu kwenye anti. Ukitaka unaweka na kwenye pea plasi, hilo ni dau la pembeni linaloangalia mkono wako peke yake, ukipata pea au zaidi unalipwa hata kama dila kakupiga. Meza nyingine zina duara la ziada la karata sita, linajumlisha zako tatu na za dila tatu, kwa anayeanza lipite kwanza.

Dila akishaanza kugawa usiguse tena chipu zilizo kwenye duara. Sio kuongeza, sio kupunguza, hata kuzinyoosha tu usinyooshe.

Hatua ya 4: angalia karata zako, amua

Una karata tatu mkononi. Ukifoldi, anti yako inaenda, na pea plasi kama uliweka inaenda nayo. Ukitaka kucheza, unaweka kwenye plei chipu sawasawa na anti, uliweka 5,000 na hapa unaweka 5,000.

Sheria ya kuamua ni hii, iandike hata kwenye kiganja: cheza ukiwa na Q-6-4 au zaidi, chini ya hapo foldi.

Jinsi ya kulinganisha, unaanza na karata kubwa kuliko zote. Ukiwa na pea au zaidi, au karata yako kubwa ni A au K, cheza, usiangalie hata zinazofuata, K-3-2 inachezwa. Kubwa ikiwa J kushuka, foldi, hata J-10-8 inayopendeza machoni ni ya kufoldi. Ikiwa ni Q ndo unaangalia ya pili: 7 au zaidi, cheza. 5 kushuka, foldi. Ikiwa 6 unaangalia ya tatu, 4 au 5 cheza, 3 au 2 foldi. Kwaiyo Q-7-2 unacheza ila Q-6-3 unafoldi, na Q-5-4 nayo unafoldi.

Kwa nini mstari umechorwa hapo? Kufoldi kunakugharimu anti moja kamili. Ukicheza mkono dhaifu kuna wakati utapoteza mbili, anti na plei, na kuna wakati dila atashindwa kufuzu au utampiga. Ukipiga wastani wa yote hayo, Q-6-4 inapoteza kidogo chini ya anti moja, kwaiyo bora ucheze. Q-6-3 inapoteza kidogo zaidi ya anti moja, kwaiyo bora ufoldi. Ukifuata hivi utacheza kama theluthi mbili ya mikono na faida ya nyumba, yaani wastani wa kinachobaki kwa kasino, inakuwa asilimia 3.37 ya anti, ila ukiwa mtu wa kucheza kila mkono kwa sababu unaona aibu kufoldi inapanda mpaka zaidi ya asilimia 7. Kufoldi sio uoga jamani, wanaocheza vizuri mezani kwangu nawaona wanafoldi bila hata kukunja uso.

Hatua ya 5: dila anafunua

Dila anatakiwa kufuzu, yaani karata yake kubwa iwe Q, K au A, au awe na pea kwenda juu. Anafuzu kama mara saba kati ya kumi.

Asipofuzu, anti yako inalipwa 1 kwa 1 (unaongezewa sawa na ulichoweka) na plei unarudishiwa kama ilivyo, haijalishi umeshika nini. Akifuzu na wewe umempiga, anti na plei zote zinalipwa 1 kwa 1. Akikupiga zote zinaenda. Mkilingana kabisa unarudishiwa zote.

Chukua mfano uufanye kwenye boksi lako. Umeweka punje moja anti, moja pea plasi, umepata 8-8-K, unaweka moja plei. Dila anafunua J-9-2, hajafuzu. Anti inakupa 5,000, pea plasi 5,000, plei inarudi ilivyo, faida 10,000. Sasa rudia mkono uleule ila dila awe na pea ya 10: anti na plei zimeenda, 10,000 hiyo, pea plasi inakupa 5,000, umepoteza 5,000. Kuna wateja wananuna wakiwa na pea ya K afu dila hajafuzu, anasema mbona plei hujanilipa, kaka sheria ndo hiyo na ipo hivyo kwa wote.

Halafu kuna bonasi ya anti. Ukicheza na una streti unaongezewa 1 kwa 1 ya anti, tatu za kufanana mara 4, streti flashi mara 5, hayo ndo malipo ya kawaida. Bonasi hii unapewa hata dila akikupiga, mfano wewe una 5-6-7 yeye ana 8-9-10, anti na plei zimeenda lakini bonasi ni yako.

Hatua ya 6: soma kitambaa kabla hujakaa

Kama unavyokubaliana nauli na bodaboda kabla hujapanda, soma malipo ya pea plasi yaliyoandikwa kwenye kitambaa cha meza. Kuna meza inalipa streti flashi mara 40 ya dau, tatu za kufanana 30, streti 6, flashi 4, pea 1, na kuna nyingine kila kitu ni hivohivo isipokuwa flashi ni 3. Namba moja tu imebadilika unaona sio kitu, ila ya kwanza faida ya nyumba ni asilimia 2.32 na ya pili ni 7.28. Ukiweka pea plasi ya 5,000 kwa mikono 100, wastani wa kupoteza ni kama 11,600 kwenye meza ya kwanza na 36,400 kwenye ya pili. Mimi ningekuwa upande wako, meza inayolipa flashi 3 ningecheza anti peke yake.

Hatua ya 7: siku ya kwenda

Miaka iwe 18 kuendelea, beba kitambulisho, na hakikisha kasino ina leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Hela ya nauli ya kukurudisha Igoma au Nyegezi weka mfuko mwingine kabisa.

Mezani hela usimpe dila mkononi, ilaze kwenye kitambaa, anaitandaza kamera ione ndo anakupa chipu. Karata zako zishike juu ya meza muda wote, na usimwonyeshe jirani. Ukiamua kucheza zilaze kifudifudi kwenye plei chini ya chipu zako, ukifoldi zisogeze mbele. Simu isikae mezani. Usipoelewa malipo uliza palepale kabla karata hazijakusanywa, maana zikishaingia kwenye rundo kuthibitisha inabidi aitwe msimamizi. Na kuuliza hakuna anayekucheka, ndo kazi yetu hiyo.

Bajeti ipige hivi: kila mkono unaocheza unakula anti mbili, kwaiyo kwa anti ya 5,000 laki moja ni mikono kumi tu kama yote itaenda vibaya. Ukimaliza, msogezee dila chipu zako ndogondogo zote wakati hakuna mkono unaoendelea, atakubadilishia ziwe kubwa, uende nazo keshia.