Kueleza mahali kwa kulinganisha na kwa namba: tuanzie Moshi mjini

Juzi mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha pili, alinijia na daftari la jiografia karibu analie. Mimi ni mpima viwanja, mambo haya nayashika kila siku, kwa hiyo tuliketi barazani mpaka akaelewa. Tulifanya hivi.

1. Fungua atlasi ya karatasi. Simu weka mbali kwanza. Inakupa jibu kabla macho hayajaiona mistari, na asiyeiona mistari huishia kukariri.

2. Eleza mahali kwa kulinganisha: taja alama inayojulikana, uelekeo na umbali. Moshi iko kusini mwa Mlima Kilimanjaro, mashariki mwa Arusha, kama kilomita 80 kwa barabara. Neno "juu" usiliandike kwenye mtihani. Hapa mjini "panda juu" ni kuelekea mlimani, yaani kaskazini. Ukiwa Rombo mlima huo huo uko magharibi, na ukiwa Machame uko kaskazini mashariki. Andika uelekeo wa dira.

3. Sasa mahali halisi, yaani kwa namba. Soma latitudo (umbali kutoka Ikweta, kaskazini au kusini), kisha longitudo (umbali kutoka mstari wa Greenwich, mashariki au magharibi), zote kwa digrii. Sisi tuko kusini mwa Ikweta, mashariki mwa Greenwich.

4. Geuza desimali kuwa dakika. Hapa usiharakishe hata kidogo.

Simu itakuandikia Moshi hivi: -3.35, 37.34. Wengi husoma "digrii 3 dakika 35". Sivyo! Digrii moja ina dakika 60, si 100. Chukua sehemu ya desimali tu, zidisha kwa 60: 0.35 × 60 = 21. Latitudo ni 3°21′ Kusini. Longitudo: 0.34 × 60 = 20.4, yaani 37°20′ Mashariki.

Dakika moja ya latitudo ni karibu kilomita 1.85. Ukisoma 35 badala ya 21, umekosea dakika 14, umetupwa kilomita 26 kusini, upande wa mashamba ya miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC. Mimi niliwahi kupewa karatasi yenye latitudo kwa dakika na longitudo kwa desimali. 37.34 nikaisoma 37°34′, nikaenda kutafuta bikoni (alama ya mpaka wa kiwanja) Himo, mashariki mwa Moshi, nikafyeka majani kutwa nzima. Kiwanja kilikuwa Moshi mjini. Tangu siku hiyo, kabla sijapanda gari, nauliza: hizi ni desimali au dakika? Kisha naandika alama ya digrii kwa mkono wangu. Ukikuta namba ya dakika inazidi 59, jua umechanganya.

5. Simu ichukue sasa, uhakiki. Ile alama ya kutoa maana yake ni kusini. Ukiisahau, ramani inakupeleka kaskazini mwa Kenya, jirani na North Horr. Ukiandika longitudo kwanza, 37.34, -3.35, unaangukia Hispania, mkoa wa Granada. Yote mawili yajaribu kwa makusudi, mtoto aone. Wa kwetu aliyajaribu, kisha akatafuta namba za shule yao bila kuniuliza.