Kufungua mipaka ya masafa kwenye redio za mkono bila kuchafua hewa

Redio nyingi za mkono zinazofika Uganda kupitia mizigo ya ndugu walioko nje huja zimefungwa. Baofeng UV-5R iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya au Marekani mara nyingi husikiliza eneo pana, lakini ukibonyeza kitufe cha kuongea nje ya 144–146 au 430–440 MHz (kwa Marekani 144–148 na 420–450) inakataa kutuma. Hizo ni bendi za redio ya ridhaa, yaani ya wanaozungumza hewani kwa kupenda tu, si kwa biashara. Sasa mwenye shamba la miwa upande wa Jinja amepewa leseni kwenye MHz 160 na kitu, na redio zake kumi ziko mezani kwako.

Kuondoa kufuli ni kazi ya muda mfupi. Kazi nzito ni kuthibitisha kwamba redio inatoa mawimbi safi huko ilikopelekwa. Wengi wanairuka, na majirani zao hewani ndio wanaoumia.

Hatua ya 1: omba karatasi kabla ya redio

Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Uganda ya mwaka 2013, kutumia masafa kunahitaji leseni ya UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda, ambao ofisi yao kuu iko Bugolobi, Kampala. Kwenye leseni soma mambo matatu: masafa yenyewe, upana wa chaneli (kHz 12.5 au 25), na nguvu inayoruhusiwa. Mteja asiye na karatasi hiyo mwelekeze Bugolobi, redio zake zibaki kama zilivyo. Aliye na leseni ya ridhaa, yenye alama ya wito inayoanza na 5X, naye hana ruhusa ya kutuma nje ya bendi za ridhaa.

Nasisitiza hili kwa sababu ya tarakimu moja: UV-5R huanzia 136 MHz, na mawasiliano ya ndege huishia 137. Kosea kubonyeza namba, tayari uko juu ya marubani. Wao hutumia AM na wewe FM, kwa hiyo hawatakuelewa, ila wimbi lako litafunika sauti zao. Vilevile 156.8 MHz ni chaneli 16 ya vyombo vya majini, ya kuomba msaada. Tuna ziwa kubwa, iache wazi.

Hatua ya 2: jua kufuli liko wapi

Kuna mpaka wa programu na kuna mpaka wa chuma, yaani wa saketi zenyewe. UV-5R za kawaida zimejengwa juu ya chipu ya RDA1846, inayoweza takriban 134–174 na 400–520 MHz. Leseni ikiangukia humo, unashughulika na programu tu. Ikiwa nje, mwambie mteja ukweli: anunue redio nyingine.

Redio za zamani zenye kisanduku cha VCO (saketi inayozalisha masafa kwa kufuata volti) cha kurekebisha kwa bisibisi zina hesabu tofauti. Pale unapima volti inayoongoza VCO kwenye mwisho wa chini na wa juu wa masafa unayotaka, ukihakikisha haigongi sakafu wala dari. Ikigonga, saketi haishiki masafa, na nyingi zitakulilia mlio mmoja mfululizo badala ya kutuma.

Hatua ya 3: soma, hifadhi

Weka kwenye kompyuta CHIRP, programu ya bure ya kusoma na kubadilisha mipangilio ya redio. Washa redio huku umebonyeza 3 uone toleo la programu yake, uliandike. Chomeka kebo ya pini mbili, kisha uisukume tena. Hapa ndipo wengi hukwama: ganda la plastiki la kebo hugusa mwili wa redio kabla pini hazijafika mwisho, na CHIRP inasema redio haijibu. Punguza plastiki hiyo kidogo kwa wembe. Ikiwa bado inakataa, shuku kebo yenye chipu bandia ya Prolific, ile inayounganisha redio na USB. Draiva mpya za Windows huzikataa. Kebo yenye chipu ya FTDI haina taabu hiyo.

Pakua kutoka kwenye redio, hifadhi faili lenye namba ya redio hiyo, na usiliguse tena. Kila redio na faili lake. Kupakia faili la redio moja kwenye nyingine yenye toleo tofauti kunaweza kuiharibu.

Hatua ya 4: badilisha mipaka

Fungua mipangilio, nenda kwenye sehemu ya mipangilio mingine. Utaona mpaka wa chini na wa juu wa VHF (bendi ya chini, ya 100 na kitu), na wa UHF (ya 400 na kitu), na ruhusa ya kutuma kwa kila bendi. Andika 136 na 174, pakia, zima, washa. Baadhi ya redio mpya zimefungwa ndani zaidi na hazitasikia CHIRP. Zirudishe kwa mwenyewe.

Hatua ya 5: pima

Ondoa antena, funga mzigo bandia wa omu 50, kifaa kinachomeza nguvu badala ya kuirusha hewani, kupitia meta ya nguvu. Usitume kamwe bila antena au mzigo bandia. VHF inapaswa kukupa karibu wati 4. Ikitoa kidogo na mgongo unapata moto haraka, hatua ya mwisho ya nguvu haijaoana na masafa hayo.

Kisha tazama mawimbi ya ziada. Ukituma 162, angalia mara mbili na mara tatu yake: 324 na 486. Donguli ya RTL-SDR, kipokezi kidogo cha USB, yenye chipu ya kupokea ya R820T2 hufika hadi karibu 1,766 MHz, inatosha. Lakini donguli hudanganya: ikizidiwa na nguvu, hutengeneza mawimbi ya ziada ndani yake yenyewe. Isogeze mbali. Wimbi kuu na la ziada yakishuka kwa kiasi kilekile, la ziada linatoka kwenye redio kweli. La ziada likishuka kwa kasi zaidi, ni la donguli. UV-5R zinatofautiana sana hapa, hata zilizotoka kwenye katoni moja, kwa hiyo pima zote kumi. Iliyo chafu haitoki mezani bila kichujio.

Hatua ya 6: antena

Antena fupi iliyokuja na redio imekatwa kwa bendi ya ridhaa. Robo ya wimbi kwa mita ni 71.25 ugawe kwa MHz: kwa 145 ni sentimita 49, kwa 162 ni 44. Nunua ya masafa ya leseni, ipime kwa NanoVNA, kifaa kidogo cha kupima antena, ikiwa unayo.

Hatua ya 7: funga tena

Rudi CHIRP. Badala ya 136–174, weka mipaka inayokaribiana na leseni, mfano 160 na 165. Zima ruhusa ya kutuma UHF kama haihitajiki. Ingiza chaneli za mteja, weka upana wa chaneli ulioandikwa kwenye karatasi, nguvu ya chini ikitosha, na uiache redio kwenye hali ya chaneli. Askari wa zamu ya usiku hapaswi kuweza kufika kwenye masafa ya ndege kwa kubonyeza namba gizani. Hifadhi faili hili la pili, bandika kibandiko cha masafa mgongoni mwa redio, na mpe mwenye shamba nakala za mafaili yote.