Skana ya zamani haionekani kwenye kompyuta: tuanzie wapi?

Msimu wa korosho ukifika huku Mtwara, makaratasi huwa mengi. Kuna fomu za AMCOS (vyama vya ushirika vya mazao), nakala za vitambulisho, barua za benki. Skana zilizolala kabatini hutolewa, zikafutwa vumbi na kuchomekwa, kisha kompyuta ikanyamaza kimya. Wengi hapo hapo hukimbilia intaneti kutafuta draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kukitumia kifaa, na ndipo wanapopoteza siku nzima. Jiulize kwanza: kompyuta haioni kitu kabisa, au inakiona ila haikijui? Kama haioni kitu, tafuta kwenye waya na umeme. Kama inakiona na kusoma jina lake lakini haijui kukitumia, tatizo ni draiva, na hata ubadilishe waya kumi hutapata kitu.

Mfano wangu ni Canon LiDE 25, skana bapa ya USB. Ukiwa na Epson au HP, njia ni hii hii.

Hatua ya 1: Waya na umeme

LiDE 25 haina adapta ya umeme. Chakula chake chote kinatoka kwenye tundu la USB, na tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa miliampia 500, basi. Ukiichomeka kwenye kigawanyio cha USB (hub) pamoja na flashi, kipanya na chaja ya simu, hubaki na njaa. Ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, na kama ni ya mezani tumia matundu ya nyuma. Waya usizidi mita 5, na ukiwa mfupi zaidi ni bora.

Angalia pia vichwa vya waya. Sisi tunaokaa karibu na bahari, Shangani, Mikindani au Lindi mjini, tunajua upepo wa chumvi unavyokula vyuma. Mulika tochi ndani ya tundu la skana, lile la mraba. Ukiona utando wa kijani au madoa meusi kwenye vile vyuma vidogo, chomoa kila kitu, sugua taratibu kwa brashi laini yenye spiriti safi, uache pakauke kabisa. Usitumie mafuta ya kula wala kisu.

Halafu geuza skana uangalie kufuli chini yake. Likiwa limefungwa, kompyuta bado inaweza kuiona skana, ila taa haitatembea.

Hatua ya 2: Uliza kompyuta inaona nini

Kwenye Windows, bonyeza kulia kitufe cha Start, chagua Device Manager, orodha ya vifaa vya kompyuta, uiache wazi. Sasa chomoa skana, uichomeke tena huku ukikodolea macho ile orodha. Isipotikisika hata kidogo, rudi hatua ya 1, jaribu waya mwingine na tundu jingine. Ikitokea "Unknown device" yenye hitilafu ya kusoma maelezo ya kifaa, shaka bado iko kwenye waya, umeme au skana yenyewe. Ikitokea jina la skana lenye alama ya njano, na ukilifungua unakuta Code 28, shukuru: skana ni nzima, inachokosa ni draiva.

Ukitaka uhakika, fungua Properties, kisha Details, halafu Hardware Ids. Kwa LiDE 25 utasoma VID_04A9 na PID_2220. 04A9 ni namba ya Canon, 2220 ni ya modeli hii. Ukiziona, kompyuta na skana tayari zinasalimiana.

Hatua ya 3: Draiva, 32 au 64

Hapa ndipo skana nyingi za zamani hukwama. Draiva ya Windows ya biti 32 haifanyi kazi kwenye Windows ya biti 64, na Windows 11 ipo ya biti 64 tu. Angalia Settings, System, About, mstari wa System type, ndipo uende kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Ukipata draiva inayolingana, chomoa skana, ondoa kifaa kile chenye alama ya njano, weka draiva, washa upya kompyuta, ndipo uchomeke. Mpangilio huo una maana kwa vifaa vya umri huu.

Isipokuwepo, ipo programu ya VueScan yenye uwezo wake wa kuzisoma skana nyingi zilizoachwa. Ni ya kulipia. Ijaribu kwanza bila kulipa. Itapiga chapa juu ya picha, lakini utajua kama skana yako inafanya kazi.

Hatua ya 4: Huduma ya picha

Draiva ipo, jina lipo, bado programu inasema hakuna skana? Andika services.msc kwenye kisanduku cha kutafutia, tafuta Windows Image Acquisition, huduma inayoziunganisha programu na skana, iweke Automatic, uianzishe. Haichukui dakika mbili.

Hatua ya 5: Linux kwenye flashi

Hii ndiyo naipenda kuliko zote. Weka Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, kwenye flashi, washa kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo bila kugusa Windows yako, fungua dirisha la amri, andika lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB. Ukiona 04a9:2220, skana ni nzima. Fungua pia programu ya Document Scanner ujaribu ukurasa mmoja, kwa kuwa LiDE 20, 25 na 30 zinasomwa na Linux bila kutafuta draiva popote. Kwa ofisi ndogo yenye kompyuta ya ziada, mimi ningeiacha hivyo hivyo iwe kompyuta ya skana.

Maswali ya wasomaji

Masasi: Shikamoo fundi. Rafiki yangu ananiambia niweke draiva ya modeli inayofanana na yangu. Nifanye?

Marahaba. Usifanye. Faili la draiva lina orodha ya namba za vifaa linavyovijua, na namba yako isipokuwemo Windows hailioanishi. Tena hizo draiva za kuokota kwenye tovuti za ajabu ajabu huweza kuja na virusi.

Lindi mjini: Kompyuta inalia kama imeona kitu, sekunde chache kinapotea, inalia tena. Ni laptop.

Hapo umeme hautoshi au waya umelegea. Chomeka laptop kwenye umeme, badilisha waya, ondoa vifaa vingine vya USB. Ikiendelea, tafuta kigawanyio chenye adapta yake ya umeme.

Nachingwea: Yangu ina plagi pana ya pini 25. Nimenunua waya wa kuigeuza kuwa USB, haionekani.

Waya hizo zimetengenezwa kwa ajili ya printa, dada. Skana inahitaji mazungumzo ya pande mbili ambayo hazibebi. Inahitaji kompyuta ya zamani yenye tundu hilo, na kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta kabla Windows haijawaka) liwekwe EPP, hali ya kuzungumza pande mbili. Kama huna, usiongeze hela hapo.

Newala: Mashine yetu inachapa vizuri ila haiskani. Tufanyeje kaka?

Windows imejiwekea draiva ya kuchapa tu. Shusha kifurushi kamili cha modeli hiyo kwa mtengenezaji, kile kinachotaja skana, ukiweke juu ya kilichopo. Ikigoma, niandikie modeli yake na namba za Hardware Ids.