SOMO: Kusudi na malengo kwa anayeanza kuandika (soma kabla hujanifuata inboksi)

Wiki hii peke yake nimeulizwa mara sita: "Dada, nataka kuwa mwandishi, nianzie wapi?" Huyo wa sita alipiga simu nina pini mdomoni, mteja kasimama nampima kiuno. Basi naandika mara moja tu, hapa hapa kwenye kundi letu, na atakayeuliza tena nitamtumia hii.

Wasionijua: mimi ni Bi Sindano, fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Mchana nashona, usiku naandika hadithi. Fasihi sikuisomea chuo. Ninayoyasema ni yale yaliyonigharimu.

Hatua ya 1. Nunua kaunta buku na kalamu mbili. Anayependa simu atumie simu, tusibishane.

Hatua ya 2. Chagua saa yako. Yangu ni baada ya isha, meza ya kukatia ikishaondolewa vitambaa.

Hatua ya 3. Kusudi. Hapa wengi wananiletea maneno ya risala: "Lengo langu ni kuelimisha jamii, kuburudisha na kukuza Kiswahili." Futa. Mteja akija akaniambia "nishonee kitu kizuri", mkasi siushiki. Namuuliza: nguo ya nani? Ya kwendea wapi, harusini au sokoni? Na kuandika ni hivyo hivyo. Andika sentensi moja yenye mambo mawili: jina la mtu unayetaka asome, na jambo ambalo likitajwa mbele yako huwezi kukaa kimya. Mtu awe wa kweli, mwenye sura, unayejua anakaa mtaa gani. Yangu inasema: "Namwandikia shangazi wa Makorora, aliyeishia darasa la saba na husoma hata karatasi iliyofungiwa maandazi, kuhusu wanawake wanaodaiwa." Tangu niipate sentensi hiyo sihangaiki tena niweke neno zito au jepesi. Nauliza tu kama shangazi atasoma mpaka mwisho au atakunja karatasi afungie kitu.

Ukikosa jambo, fanya hivi kwa siku saba: kila usiku andika ni kitu gani leo kilikufanya upandishe sauti, dukani, kwenye daladala, nyumbani. Siku ya saba soma orodha yote. Mimi siku tano kati ya saba zilikuwa za madeni, na wala si yangu.

Hatua ya 4. Lengo. Hapa ndipo nilipoanguka, kwa hiyo mnivumilie nirefushe.

Mwaka 2019 niliandika kwenye kalenda ya ukutani kwa wino mwekundu: KITABU KABLA YA IDI. Nikajiona mtu wa mipango. Nikakopa kwenye kikoba shilingi 1,050,000, nikachapisha nakala 300, kila moja 3,500. Kwa kuwa Idi ilikuwa inanikimbiza, sikumpa mtu yeyote asome. Hata mimi sikurudia. Maboksi sita yakaja kwa bajaji. Shangazi akafungua la kwanza, akakaa mkekani akaanza kusoma, mimi nachemsha chai. Akafika mahali akanyamaza. Akarudisha kurasa nyuma. Akanyamaza tena. Kisha nikasikia: "We mwana, huyu mama si tulimzika ukurasa wa 9? Mbona ukurasa wa 41 anapika pilau?"

Jamani, maboksi sita! Na pilau lenyewe nilikuwa nimelieleza kwa raha zangu, mpaka bizari inavyokaangwa.

Niliuza nakala 47, nyingi kwa wateja waliofuata nguo zao wakaona haya kuondoka bila kununua. Deni nililimaliza kwa miezi kumi na minne. Nakala moja mpaka leo iko chini ya mguu wa meza ya cherehani, isitikisike.

Nimelifikiria sana lile kosa. Nilikuwa nimeyapangia tarehe mambo ya watu wengine: kasi ya mchapaji, macho ya msomaji, mfuko wa mnunuzi. Kazi yangu mwenyewe, ya kukaa nikaandika na kurudia, sikuipangia hata dakika. Sasa nasema hivi: lengo lihesabu kile ambacho ukiamka kesho ukiwa peke yako, hujamwomba mtu, utaweza kukifanya.

Tahadhari, na hizi nazisema kwa ukali:

Usikope hela ya kuchapisha kitabu ambacho hakijasomwa na mtu mwingine mpaka mwisho. Mpaka mwisho, nimesema.

Usitangaze kwenye stetasi kwamba kitabu chako kiko njiani. Pongezi zinashibisha. Mimi nilipongezwa wiki mbili nzima na katika wiki hizo sikuandika mstari.

Lengo lenye neno "maarufu", "kuuza" au "kushinda" lipeleke kwenye dua. Liombee kwa moyo wote, ila usiliwekee ratiba.

Hatua ya 5. Kipande. Babu yangu mzaa mama aliletwa kutoka Kigoma kuwa manamba, yaani kibarua wa mkataba, kwenye mashamba ya mkonge, upande wa Muheza. Manamba walipewa kadi iitwayo kipande, yenye siku 30 za kazi. Siku uliyofanya kazi inatiwa alama. Siku usiyokwenda haihesabiwi, kipande kinakungoja. Mshahara ni siku 30 zikijaa, mwezi uandame usiandame. Nami nimeuchukua mtindo huo. Kata kadi kutoka kwenye boksi, chora vyumba 30. Ukiandika maneno 300, tia alama. Hukuandika? Usitie, na usijilaumu, kesho kiko pale pale. Vipande vyangu hujaa kwa siku arobaini hivi. Januari, msimu wa sare za shule, kimoja kiliwahi kula siku sitini na mbili. Kipande kimoja ni maneno 9,000. Vitano ni 45,000, hapo una rasimu ya riwaya fupi mkononi. Kila kikijaa najilipa bakuli la supu ya pweza.

Hatua ya 6. Kipande kikijaa, msomee kwa sauti yule mtu wa Hatua ya 3. Utamwona usoni anapochoka. Weka alama hapo.

Maswali yaje.

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana wa Sahare: Somo zuri sana dada. Sasa mtu kama mimi naanzia wapi?

Bi Sindano: Hatua ya 1.

Kijana wa Sahare: Nimeona ni refu, nimepitia juu juu tu.

Bi Sindano: Na wataka kuandika kitabu. Mgosi, hapa kwako imekuwa waja leo waondoka leo. Rudi usome.

Mstaafu wa Reli: Asalaam aleikum binti yangu. Nina miaka 67, nilikuwa reli ya Tanga mpaka Moshi. Nataka kuandika niliyoyaona, lakini kila nikianza najikuta naandika historia ya reli, Wajerumani na kadhalika, kisha nachoka. Nimechelewa?

Bi Sindano: Waaleikum salaam, shikamoo baba. Hujachelewa hata kidogo. Unachoka kwa sababu unaandika wasiyokuuliza. Kwamba ujenzi ulianzia hapa Tanga 1893 imo vitabuni, mjukuu ataisoma huko. Ambalo halimo popote ni usiku mmoja wa zamu yako. Chagua mmoja tu. Stesheni gani, mvua au kiangazi, nani alishika taa, mlikula nini? Na unamwandikia nani?

Mstaafu wa Reli: Marahaba. Mjukuu wangu wa kike, yuko kidato cha pili. Usiku ninaoukumbuka ni wa Mombo. Mvua kubwa, ng'ombe wamelala relini, na mwenye ng'ombe amelala katikati yao akikinga ndama.

Bi Sindano: Baba, hapo nimeacha kushona. Andika hivyo hivyo ulivyonieleza, usiongeze "katika miaka ile ya nyuma". Ukitaka kuhakikisha mwaka au jina la stesheni, nenda maktaba ya mkoa hapa mjini, ila nenda ukishamaliza kuandika. Ukienda kabla, hutatoka.

Mjuaji: Ni rahisi kwenu mliojiajiri. Sisi waajiriwa tunatoka kazini saa kumi na moja hoi. Malengo ya maneno 300 kwa siku ni ya watu wenye nafasi.

Bi Sindano: "Mliojiajiri"! Njoo kwangu wiki ya Idi, nguo arobaini zimening'inia na kila mwenyewe anataka "kesho asubuhi". Shaaban Robert, mzaliwa wa hapa hapa kwetu Vibambani, alikuwa karani wa serikali miaka mingi na aliandika. Na nimesema wapi kila siku? Soma tena habari ya kipande.

Mjuaji: Sawa, hilo la kila siku nilikosea.

Bi Sindano: Haya. Jaribu maneno 100 basi. Kipande ni chako.

Mama Wawili: Dada naogopa kumpa mtu asome, wataniibia wazo. Nilisikia unaenda COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki?

Bi Sindano: Kazi unaweza kuisajili COSOTA, ni jambo jema. Ila haki inaanza pale unapoandika, na hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Wazo tupu sheria hailindi. Kwa hiyo andika upesi, uwe na cha kulindwa.

Mama Wawili: Na ile namba ya ISBN ya nyuma ya kitabu?

Bi Sindano: Hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Lakini una kurasa ngapi mpaka sasa?

Mama Wawili: Nne 😅

Bi Sindano: Tutaongea namba baadaye, mwaya.

Mtoto wa Pwani: Tuzo ya Mwalimu Nyerere mwisho wa kupeleka ni lini? Nataka kuandika riwaya ya kushinda.

Bi Sindano: Inaratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, angalia tangazo lao. Zawadi ni Aprili 13, siku aliyozaliwa Mwalimu. Riwaya ya kushinda siijui inavyoshonwa. Sijui majaji wana vipimo gani.

Binti Muheza: Dada, samahani, nina neno. Bibi yangu akitaja kipande hutema mate. Watu walifungwa maisha yao kwenye kadi ile. Kuifanya mchezo wa kuandikia kumeniuma kidogo.

Bi Sindano: Usiombe samahani. Umesema kweli, na nililiwaza kabla sijaandika. Babu naye hakukisifu. Alisimulia kwamba unaweza kumaliza ngwe yako, kile kipande cha shamba ulichopimiwa, mgongo umekufa, mnyapara akaitazama akasema haikutosha, siku ikaenda bure. Kwa hiyo kilichoniuma mimi zaidi ni ule mkono wa kutia alama, kwamba haukuwa wake. Kwenye kadi yangu natia mwenyewe. Pengine ni kisingizio. Lakini kila nikitia alama namkumbuka, na sikuwa nikimkumbuka kabla.

Binti Muheza: Nimekuelewa. Sasa mbona unaandika wanawake wanaodaiwa, na huyo babu je?

Bi Sindano: Umenishika. Nimeanza mara mbili, naishia kwenye garimoshi linaloondoka Kigoma. Mama yangu hajui zaidi ya hapo. Bibi yako yuko hai?

Binti Muheza: Yuko. Anasikia vizuri ukikaa upande wa kulia.

Bi Sindano: Mrekodi kwa simu, hata dakika kumi kila ukienda. Usimuulize "mkonge ulikuwaje". Muulize walilala wapi, mlango ulifungwaje, chumvi walinunua kwa nani. Na ukirekodi, jitumie mwenyewe kwa baruapepe siku hiyo hiyo. Simu yangu iliwahi kuanguka pale soko la Deep Sea nikichagua samaki, ikaondoka na sura nzima ya hadithi.

Mstaafu wa Reli: Binti Muheza, huyo bibi akikubali, mwulize pia kuhusu vitoroli vya kubebea mkonge. Sisi wa reli kubwa tulivicheka sana.

Binti Muheza: Nitamwuliza, babu. Asante.

Kijana wa Sahare: Dada, nimerudi. Nimesoma yote, mpaka pilau. Kaunta buku iwe kwaya ngapi?

Bi Sindano: Mbili. Kipande chora kwenye gamba la nyuma, boksi utalipoteza.