Kalori za sufuria ya nyumbani na mazoezi ya wiki: somo na maswali

Ukiandika "ugali" kwenye programu ya kalori utapewa majibu manne yasiyolingana, na yote yanaweza kuwa sahihi, maana ugali mgumu na ule laini hauna maji sawa. Hapa tunapima unga.

Bajeti ya kalori za siku, kwa anayetaka kupunguza uzito. Uzito kwa kilo mara 10, jumlisha urefu kwa sentimita mara 6.25, toa umri mara 5. Mwanamke atoe tena 161; mwanamume aongeze 5. Mwanamke wa miaka 34, kilo 82, sentimita 162, anapata kama 1,500: hizo ni za mwili kulala tu. Anayekaa kwenye kiti kutwa azidishe kwa 1.2. Akifuata mazoezi ya somo hili, 1.375, yaani karibu 2,060. Toa 450, abaki na 1,600 hivi. Wengi hujipandisha daraja hapa, wakichagua namba kubwa kuliko mazoezi yao. Na usishuke chini ya 1,200 bila daktari.

Mizani ya jikoni. Iwe ya gramu, yenye kitufe cha kurudisha sifuri. Unga mkavu gramu 400 mara 3.6 ni kalori 1,440. Epua, geuza ugali kwenye sinia uliyokwisha kuipima, upime wote. Ukiwa gramu 1,200, kila gramu ina kalori 1.2, kipande cha gramu 350 ni 420. Githeri, pilau na ndengu ni vivyo hivyo: jumlisha vilivyoingia sufuriani, gawanya kwa uzito wa kilichoiva.

Mwizi ni mafuta. Sukuma wiki gramu 100 haifiki kalori 50, lakini kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni 120, na ni nani humimina kwa kijiko? Weka mtungi wa mafuta juu ya mizani, bonyeza sifuri, mimina, urudishe mtungi. Namba hasi unayoiona ni gramu ulizotumia. Zidisha kwa 9. Chapati ya unga gramu 65 na mafuta gramu 10 inapita 320. Chai yenye maziwa mililita 150 na sukari vijiko viwili vidogo ni kama 125; vikombe vitatu vinaukaribia ule ugali.

Mazoezi. Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku mbili za misuli. Tembea dakika 30 siku tano: shuka kwenye matatu mapema, au zunguka Arboretum, bustani ya miti ya Nairobi. Kasi ni ile unayoweza kuongea lakini huwezi kuimba. Aliyetoka Mombasa juzi atahema kwanza, Nairobi iko juu. Jumanne na Ijumaa chuchumaa na kusimama mara 10, pushapu za kuegemea meza mara 10, kisha inama kidogo uvute mtungi wa maji wa lita 10 hadi kiunoni mara 10 kila mkono. Mizunguko mitatu. Ukifika 15 bila shida, ongeza uzito. Usipofanya haya, sehemu ya kilo zitakazotoka itakuwa misuli.

Maswali

*Kocha, nikitembea kilomita 5 si niongeze chapati moja?*
Hapana. Mtu wa kilo 80 huchoma kama 250 hadi 300 hapo, na ile 1.375 imeshazihesabu. Utazila mara mbili.

*Mchana nakula kibandani, sina mizani.*
Agiza maharagwe au ndengu na mboga, ugali nusu. Kwa kila kitoweo andika kijiko kimoja cha mafuta, viwili kikielea mafuta. Kosea kwa kuzidisha.

*Wiki tatu mizani haijasogea na nahesabu kila kitu.*
Jumamosi pia? Bia nne za nusu lita zinapita 800, kabla ya nyama choma. Jipime kila asubuhi baada ya msalani, ulinganishe wastani wa siku saba na wa wiki iliyopita; chumvi na hedhi hushika maji siku kadhaa. Wastani usiposhuka wiki nne, punguza 100, kwanza kwenye mafuta.

*Mama yangu anadunga insulini, naye aanze?*
Asianze kabla ya kumwona daktari wake. Chakula kikipungua na dozi ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka kwa hatari. Anayenyonyesha pia asitumie hesabu hii, anahitaji zaidi.